Jumamosi ni Spa ya zamani, si ile fupi

Waungwana, salamu. Jumamosi baada ya Isha tukutane pale pale Tudor. Safari hii kwenye gemu letu la mbio za magari tunaendesha Spa ya zamani, njia ya mashindano ya Ubelgiji, ile ya kilomita 14, si hii ya kilomita 7 iliyokuja 1979. Ilikuwa barabara ya kawaida ya malori na wakulima, inapita Malmedy na Stavelot. Ukikosea hakuna changarawe ya kukupokea. Ni nyumba, nguzo na miti.

Pa kuogopa ni kona ya Masta. Unakuja gia ya mwisho, mguu chini, halafu kushoto-kulia katikati ya nyumba. Jana nimepajaribu mara kumi na moja, mara tisa nimeingia sebuleni kwa watu. Mwaka 1966 mvua iliwakuta madereva wa Formula One mzunguko wa kwanza, mmoja wao, Jackie Stewart, akabanwa ndani ya gari huku petroli ikimchuruzikia. Tangu hapo akapigania usalama wa madereva.

Pedali ya breki ya usukani wa pili imelegea, nitaikaza. Aliyeondoka na ekstensheni airudishe, tafadhali! Mvua tutaiwasha mizunguko miwili ya mwisho, na sitaki kelele.