Barua kwa Mhariri: Vijana wafundishwe kuimba bila umeme

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya msomaji aliyelalamika hivi karibuni kwamba vijana wamegeuza ibada kuwa disko, na akapendekeza ngoma na magitaa yatolewe kanisani. Nimehudumu katika idara ya vijana ya mtaa wetu wa Kilutheri kwa miaka tisa, sita kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa kwaya, na nakiri kwamba sehemu ya malalamiko yake ni ya kweli. Ila naona mshale wake umemkosa mnyama.

Ngoma haina kosa. Mwaka 1966 Mtanzania Mlutheri, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka, “Mfurahini, Haleluya”, akautia katika mahadhi ya Kihaya, wakati ambapo nyimbo zetu nyingi za ibada zilikuwa na tuni zilizokuja na wamisionari. Hapa jirani, katika chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Makumira, mwalimu Mmarekani Howard Olson alizikusanya nyimbo za namna hiyo na kuzitafsiri kwa Kiingereza. Leo Wajerumani wenyewe wanao wimbo huo kwa lugha yao, namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa yao ya Kiinjili. Kama wazee wa wakati ule wangeyafungia nje mahadhi ya nyumbani, Pasaka yetu ingepungukiwa wimbo, na ya Wajerumani pia.

Linalonisumbua mimi ni kwamba waumini wameacha kuimba. Msomaji asimame mlangoni Jumapili wakati wa kusifu na kuabudu, atazame mabenchi badala ya kutazama mbele. Vijana sita wameshika maikrofoni, spika zimewaelekea watu, wimbo umepandishwa kwenye ufunguo, yaani kimo cha sauti, unaomfaa dada anayeongoza, na akina baba wa mabenchi ya nyuma wamekunja mikono kwa sababu huko juu hawafiki. Wanasubiri uishe. Mtume Paulo aliwataka Wakolosai wafundishane na kuonyana kwa zaburi, nyimbo na tenzi. Sasa muumini atafundishwa nini, naye atamwonya nani, kwa wimbo anaousikiliza tu, tena wenye mistari miwili inayorudiwa mpaka mtu apoteze hesabu? Kitabu cha kwanza cha nyimbo cha Walutheri, cha mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo nane tu, lakini zilikuwa za kuimbwa kanisani kwa lugha ambayo watu wa kawaida walizungumza majumbani mwao.

Lawama hii siitupi kwa vijana peke yao. Nilipokabidhiwa kwaya, jambo la kwanza nililolisimamia lilikuwa sare, la pili kinanda, na la tatu kurekodi. Tulifanya mazoezi mara tatu kwa wiki hadi usiku, wasichana wakirudi kwao gizani, na somo la Biblia tukaliahirisha mpaka likasahaulika. Kijana asiyejua kuimba hakuwa na la kufanya katika idara yetu; akishapata kipaimara alipotea, na hakuna aliyekwenda kumuulizia. Tuliita huduma ya vijana kitu ambacho kwa kweli kilikuwa kwaya yenye katibu na mhazini.

Nilizinduka msibani. Mwaka jana tulimzika mama mmoja wa mtaa wetu, kaburi likiwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, mbali na soketi yoyote. Mchungaji aliomba vijana waimbe wakati wa kufukia. Wakatazamana. Kijana wetu mpiga kinanda, ambaye vidole vyake vinasifiwa na kila anayemsikia, alininong'oneza: “Mwalimu, tunaanzia wapi?” Hakuwa na kinanda cha kumpa ufunguo, na maneno ya ubeti wa pili wenzake walizoea kuyasoma ukutani kwa projekta. Kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kulisikika koleo tu, zikigonga mawe. Kisha bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanzisha wimbo wa kitabuni, bila kitabu, na kabla mstari wa kwanza haujaisha sauti zote nne zilikuwa zimeingia, besi ikitoka kwa wazee waliokuwa wakifukia. Vijana wangu, wenye sare nzuri kuliko kwaya yoyote ya tarafa yetu, walisikiliza.

Wazee wale hawakuzaliwa na vipaji vinavyowapita hawa. Walifundishwa kwa ubao, chaki na nota za solfa (do, re, mi), kila sauti ikijifunza mstari wake peke yake mpaka iuweze, ndipo zikaunganishwa. Nasi tumerudi huko. Siku ya mazoezi kinanda kinabaki kimefunikwa saa nzima ya kwanza, na nusu saa inayofuata tunasoma maneno ya wimbo wa Jumapili tukiwa na Biblia mkononi, jambo ambalo limetufanya tuziache nyimbo mbili tulizozipenda sana. Kanisani tumeshusha spika, kiongozi anaanza chini kidogo, na ubeti wa mwisho unaimbwa bila chombo chochote ili watu wajisikie wenyewe. Jumamosi tunawatembelea wagonjwa majumbani. Wasioimba wanasoma Neno, wanachota maji, wanapasua kuni, na baadhi ya wale waliopotea baada ya kipaimara wamerudi kwa njia hiyo. Vijana wawili wametuhama na kwenda kwenye kanisa lenye mitambo mikubwa zaidi. Siwalaumu, maana sisi ndio tuliowazoesha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazee wa kanisa wanaoandaa bajeti ni kwamba, kabla ya kuidhinisha spika nyingine, watenge posho ya mwalimu wa muziki na gharama ya kudurufu nota. Gharama ya spika moja inatosha kumlipa mwalimu kwa miezi kadhaa, naye hahitaji umeme.

Hivi majuzi tulikuwa msibani tena, na safari hii yule mpiga kinanda ndiye aliyeanzisha. Alianza juu mno, akasimama katikati ya mstari, akaanza upya chini kidogo, wazee wakampokea. Msomaji aliyelalamika, kama anaishi karibu nasi, namkaribisha mazoezini siku ya Alhamisi saa kumi na moja jioni. Upande wa besi tuna upungufu.

Mwalimu wa kwaya ya vijana,
Usa River, Arusha