Barua ya wazi kwa wahudumu wa tiba shufaa majumbani: Kabla hujabisha hodi

Wanangu wapendwa,

Salamu zangu nyingi zitangulie. Nawaomba mnivumilie nikiandika kwa urefu, kwa sababu jambo hili nimelibeba kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu uuguzi sina tena sababu ya kulinyamazia. Nyinyi mnaokwenda nyumba hadi nyumba kuwahudumia wagonjwa ambao maradhi yao hayaponyeki mmefundishwa kupima maumivu kuanzia sifuri hadi kumi, kutoa mofini ya maji kila baada ya saa nne, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia na kumsafisha kinywa kilichokauka. Hayo mnayajua na mnayafanya vizuri. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba hisia ambayo mhudumu hajaitambua ndani yake mwenyewe, ataishia kumtwisha mgonjwa.

Nilijifunza hilo kwa kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimhudumia mama mmoja mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Siku moja, nikiwa nambadilishia shuka, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hivi mwaka huu nitaumaliza?" Nikamjibu upesi, "Usiwaze hayo mama, utapona tu," kisha nikaendelea kukunja shuka. Hakuniuliza tena. Wiki zilizofuata, kila nilipomuuliza kuhusu maumivu alisema hana, ilhali binti yake alinieleza kwamba usiku halali kwa kuugulia maumivu. Ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba jibu lile halikuwa faraja kwake. Nilikuwa najifariji mimi, kwa kuwa miezi michache kabla ya hapo nilimzika mama yangu aliyeuawa na maradhi yaleyale, na kazini sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja. Hofu yangu ilimfungia mgonjwa mlango, na mlango ulipofungwa, hata maumivu ya mwili tukashindwa kuyatibu ipasavyo, kwani mtu aliyeona swali lake kubwa limekataliwa hana hamu ya kukuletea madogo.

Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kisha akasomea udaktari, na ambaye nyumba yake ya kuwatunza wanaokaribia kufa, St Christopher's, ilifunguliwa London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na ya roho, yote yakiwa yamesokotwa pamoja. Ndiyo maana mnaweza kuongeza dozi na mgonjwa akaendelea kulalamika, hadi siku atakapopata wa kumwambia kwamba anawaza watoto atakaowaacha. Lakini ili akwambie, ni lazima kwanza aone usoni mwako kwamba unaweza kusikia.

Wataalamu Peter Salovey na John Mayer, walipoieleza akili ya hisia mwaka 1990, waliizungumzia kama uwezo wa kufuatilia hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuutumia ujuzi huo kuongoza fikra na matendo yako. Wao waliuita uwezo. Hawakusema kwamba ni upole wa kuzaliwa nao. Mimi husikitika ninaposikia mhudumu akisifiwa kwamba "ana moyo wa kazi hii", kana kwamba moyo unatosha, kwa sababu nimewaona wenye mioyo mizuri sana wakiumiza watu bila kukusudia, na nimewaona wengine, wakavu wa maneno, wakijifunza taratibu hadi familia zikawa zinawasubiri dirishani.

Kazi ya nyumbani ina ugumu wake. Wodini kuna mwenzako atakayeiona sura yako na kukuambia upumzike kidogo, lakini nyumbani uko peke yako katika chumba cha watu, na huzuni ya nyumba ile inakupokea mlangoni. Basi, kabla hujabisha hodi, simama. Jiulize umetoka nyumba gani, umembeba nani moyoni, na katika nyumba hii unaogopa kukuta nini. Usiridhike kusema "najisikia vibaya", kwa maana maneno hayo hayakuambii la kufanya. Mwenye woga huharakisha mazungumzo na kukimbilia vifaa vyake. Mwenye hatia hutoa ahadi asizoweza kuzitimiza. Mwenye hasira mikono yake huwa migumu wakati wa kumgeuza mgonjwa, na mgonjwa huihisi kabla mhudumu mwenyewe hajajua. Ukiipa hisia jina lake halisi haitaondoka, lakini utajua inakusukuma upande gani.

Niseme kwa kirefu kuhusu chakula, kwa sababu hapo ndipo nimeona wahudumu wengi wakigombana na familia. Mwili unapokaribia mwisho hauhitaji tena chakula kama zamani, kumeza kunakuwa kugumu, na kumlazimisha mgonjwa kunaweza kupeleka chakula kwenye mapafu. Sasa mtoto wa mgonjwa anakukabili na bakuli mkononi: "Mnamuua baba yangu kwa njaa!" Kifua chako kinapanda, na jambo la kwanza linalokujia ni kujitetea kwa elimu yako. Elimu hiyo ni ya kweli, lakini haitaingia, kwa sababu wakati ule hakuulizi habari za tumbo; anakuambia kwamba anampoteza baba na amebakiwa na kitu kimoja tu cha kumfanyia. Ukimwambia, "Naona unavyohangaika kumlisha; inauma sana kumwona mzazi akikataa chakula mkononi mwako," kisha ukanyamaza, mara nyingi bakuli litawekwa chini. Kimya hicho msikiogope wala msikijaze kwa maneno. Baada yake ndipo umweleze yanayotokea mwilini, na umwonyeshe kazi nyingine ya upendo: kulowesha midomo ya baba yake kwa kitambaa safi, kumpaka mafuta miguuni, kukaa naye amemshika mkono.

Hali kadhalika kwa ndugu wanaokuvuta pembeni na kukusihi usimwambie mgonjwa hali yake. Msiwaahidi kumdanganya, wala msiwahutubie. Waulizeni wanahofia nini kitatokea akijua, kisha mumuulize mgonjwa mwenyewe angependa kuelezwa kiasi gani, na nani awepo wakati huo. Mara nyingi nilikuta mgonjwa anajua kila kitu na ananyamaza ili kuwalinda wao.

Vijana huniuliza kama inafaa mhudumu kulia. Inafaa, mradi familia isijikute inakubembeleza wewe.

Kwenu wasimamizi, ninawasihi kwa heshima. Ustadi huu haujengwi kwa semina ya siku moja. Katika miaka ya 1950 daktari Michael Balint na mkewe Enid waliwakusanya madaktari wa kawaida mjini London, mara kwa mara, wakae kuzungumza kuhusu wagonjwa wao na yale waliyoyahisi walipokuwa nao. Mpango huo hauhitaji fedha, unahitaji saa moja ya wiki ambayo hamtaifuta kwa sababu ya ripoti. Mmoja asimulie ziara moja bila kumtaja mgonjwa, wenzake wasikilize, na pasiwe na wa kulaumu. Wapeni pia nafasi ya kufanya mazoezi wawili wawili, mmoja akiwa mgonjwa anayeuliza, "Je, ninakufa?" Ni afadhali mtu akwame mbele ya mwenzake kuliko mbele ya kitanda. Na hesabuni vifo kama mnavyohesabu dawa: mhudumu aliyepoteza wagonjwa watatu katika wiki moja asitumwe siku inayofuata kwa mtoto anayekata roho. Mkimwona ameanza kuikwepa nyumba fulani, au kuwazungumzia wagonjwa kana kwamba ni vitu, jueni huruma yake imechoka. Mwiteni pembeni na mumuulize taratibu, bila kumwandikia barua ya onyo.

Yule mama wa shingo ya kizazi alifariki kabla mwaka haujaisha, na sikupata nafasi ya kulirudia swali lake. Nimelijibu mara nyingi tangu hapo, kwa wagonjwa wengine waliouliza kwa maneno tofauti kidogo. Huiweka shuka chini, nikavuta kiti, nikakaa tukatazamana macho kwa macho. Kisha humwambia, "Kumbe umekuwa ukiliwaza hilo, mama. Niambie."

Ni mimi mzee wenu,
muuguzi mstaafu