Kliniki za moyo zipime pia kiuno na mkojo

Kwa Mhariri,

Ninahudumu kama muuguzi katika kliniki ya wagonjwa wa moyo hapa Kisumu, na ningependa kuzungumzia pengo ninaloliona katika madaftari ambayo wagonjwa hutuletea kutoka vituo mbalimbali vya magharibi mwa Kenya. Ukilifungua daftari lenyewe, lile la shule ambalo mgonjwa amelinunua dukani na kulifunika kwa gazeti, utakuta presha, uzani na tarehe ya kurudi. Mzingo wa kiuno ni nadra kuandikwa, na nadra zaidi ni kipimo cha albumini, yaani protini ya damu, katika mkojo.

Vipimo hivyo viwili vina uhusiano wa karibu. Mtu huhesabiwa kuwa na sindromu ya kimetaboliki, yaani mkusanyiko wa kasoro za jinsi mwili unavyotumia chakula, akipatikana na angalau mambo matatu kati ya haya matano: kiuno kipana, trigliseridi (mafuta ya damu) nyingi, upungufu wa kolesteroli nzuri, presha ya 130/85 au zaidi, na sukari ya milimoli 5.6 kwa lita au zaidi kabla ya kula. Mafuta yaliyojaa tumboni huufanya mwili usiitikie insulini, homoni inayodhibiti sukari, ipasavyo, na sukari pamoja na presha huzilazimisha figo kuchuja kupita kiasi, hadi vichujio vyake vianze kuvujisha albumini. Mishipa ya moyo haisalimiki katika madhara hayo. Ndiyo maana albumini kidogo tu katika mkojo huashiria hatari kubwa zaidi ya kiharusi na ya moyo kushindwa kufanya kazi, hata kriatinini, taka ya mwili inayopimwa katika damu ili kujua hali ya figo, ikiwa bado ya kawaida.

Hiyo kriatinini huwapa watu faraja ya mapema mno. Hutokana na misuli, na figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla haijapanda waziwazi. Mama mzee aliyekonda mikono na miguu huku tumbo likiwa kubwa, na wa namna hiyo tunawaona sana, anaweza kuambiwa kwamba yuko sawa ilhali figo zimedhoofika. Kriatinini isisomwe peke yake. Itumiwe kukadiria kasi ya figo kuchuja damu kwa kuzingatia umri na jinsia, kwani kasi iliyo chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi 3 ni ugonjwa sugu wa figo. Katika mkojo, miligramu 30 za albumini au zaidi kwa kila gramu ya kriatinini si jambo la kupuuzwa, na kijiti cha kawaida cha kupimia mkojo mara nyingi hakigundui kiwango hicho.

Mnamo Oktoba 2023, Shirika la Moyo la Marekani lilitangaza kwamba maradhi ya moyo, figo na kimetaboliki yatazamwe kama tatizo moja. Huku kwetu, mgonjwa anayetoka Bondo au Ahero bado hutumwa kliniki tofauti kwa siku tofauti, kila siku na nauli yake.

Naziomba serikali za kaunti zetu zigharimie kipimo cha albumini kwa kila mgonjwa wa moyo angalau mara moja kwa mwaka, na kila chumba cha presha kiwe na utepe wa kupimia kiuno. Wauzaji wa dawa nao wamuulize mteja kama anaugua moyo kabla ya kumuuzia dawa za maumivu ya magoti kama diklofenaki au ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo huziumiza figo na kuuongezea moyo mzigo.

Muuguzi,
Kisumu