Salamu za Krismasi: Kamba ya Mapambo na Kuba la Roma

Ndugu wasomaji, nawasalimu kwa furaha ya Krismasi, na ninawaomba muitazame kwa makini kamba ya mapambo iliyofungwa kwenye misumari miwili pale sebuleni. Namna inavyolegea katikati haikutokea kwa bahati, kwa sababu kila kipande chake kinavutwa chini na uzito wake huku kikishikiliwa na vipande vya jirani, hadi vyote vikatulia. Mwaka 1675 mwanasayansi Robert Hooke wa Uingereza alitangaza, kwa fumbo la herufi zilizochanganywa, kwamba umbo hilohilo likipinduliwa juu chini ndilo linalofaa kusimamisha tao la mawe.

Wazo hilo lilikuja kuhitajika Roma. Kuba la Basilika ya Mtakatifu Petro, lililobuniwa na Michelangelo na kukamilishwa mwaka 1590, lenye upana wa takriban mita 42 kwa ndani, lilikuwa limepasuka nyufa nyingi kufikia miaka ya 1740. Papa Benedikto XIV aliwakabidhi kazi ya kulichunguza wanahisabati watatu, Boscovich, Le Seur na Jacquier, nao wakapiga hesabu ya nguvu inayolisukuma kuba kwenda nje na kupendekeza lifungwe mikanda ya chuma. Wapo waliokereka, wakisema kuwa Michelangelo alilijenga bila hisabati ya namna hiyo. Kwangu mimi, ujasiri wa kulipima jengo zee kwa kanuni za fizikia, badala ya kutegemea uzoefu wa mafundi peke yake, ndio uliofungua mlango wa uhandisi tunaoufahamu leo.

Kisha akaitwa Giovanni Poleni, mwanahisabati na mhandisi kutoka Padua, Italia. Aliligawa kuba katika vipande kwenye mchoro, akakadiria uzito wa kila kimoja, akaning'iniza uzi wenye vizito 32 vilivyolingana na vipande hivyo kwa uwiano. Alipoupindua mchoro wa uzi ule, mstari wake, unaoonyesha njia ambayo uzito unashukia kwenye mawe, ulipita ndani ya unene wa ukuta, akatambua kwamba kuba halikuwa karibu kuanguka; hata hivyo, aliafiki mikanda iongezwe. Mitano ilifungwa mwaka 1743 na 1744.

Misa ya mkesha itakapoadhimishwa humo usiku huu, chuma hicho bado kitakuwa kimelikumbatia kuba juu ya vichwa vya waumini. Heri ya Krismasi kwenu nyote na jamaa zenu.