Mmelisifu banda la Haro, mkalisahau handaki

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini makala yenu kuhusu banda la wageni lililochorwa na msanifu wa majengo Zaha Hadid kule Haro, Hispania, imenishinda. Mwandishi wenu anadai jengo hilo ndilo lililokiokoa kiwanda cha mvinyo cha ukoo wa López de Heredia. Limekiokoa na nini? Kiwanda kile kipo tangu 1877.

Banda lenyewe silichukii. Familia ilikuwa na kibanda cha mbao ilichokipeleka kwenye maonyesho ya Brussels mwaka 1910, na Hadid akakijengea nyumba mpya yenye umbo la chupa ya kumiminia mvinyo. Cha kale kimo ndani ya kipya. Hiyo ni heshima. Lakini pale wageni huonja na kununua tu. Mvinyo hukomaa chini, kwenye mahandaki yaliyochimbwa mlimani, kwenye ubaridi wa nyuzi kama 12, ndani ya mapipa ambayo mafundi wa kiwanda huyaunda wenyewe. Hata utando wa buibui hauondolewi, maana buibui hula wadudu aina ya nondo wanaoharibu vizibo vya chupa. Haya hamkuyaandikia hata mstari mmoja.

Nina sababu ya kukasirika. Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kingine cha ukoo mkoani humu La Rioja, uliko mji wa Haro, nacho kikaleta msanifu wa majengo. Lango la matrekta likageuzwa kuwa mlango wa wageni, likawekwa vioo na maua, sisi tukaachiwa kichochoro nyuma ya ghala. Mavuno yalipofika, matrela yalipanga foleni juani tangu asubuhi kwa sababu kichochoro kilipitisha trela moja tu kwa tabu. Zabibu zikapondeka kwa uzito wake zenyewe, maji yakachuruzika barabarani, zikaanza kuchacha kabla hazijaingia ndani. Mzee aliyezilima alisimama pembeni akiangalia jasho la mwaka mzima likimwagika, huku wageni wakipiga picha za paa. Hakuna aliyemwomba radhi!

Na vibarua je? Kila Septemba hapa Logroño kuna wavunaji, wengi wao Waafrika wenzetu, wanaolala nje karibu na kituo cha mabasi. Fedha za vioo hupatikana. Za vitanda hazipatikani. Gazeti la Kiswahili lingepaswa kuliona hilo kabla ya kuliona paa.

Naomba mfanye hivi: mwandishi wenu arudi Haro wakati wa mavuno, aifuate zabibu kutoka kwenye trela hadi kwenye pipa, atuchoree njia hiyo gazetini. Na msanifu yeyote anayepewa kiwanda cha ukoo asukume mapipa msimu mmoja kabla ya kushika kalamu, kisha mchoro wake wa kwanza uwe lango la matrekta lenye upana wa mita 5, na wa pili uwe bweni la wavunaji lenye maji ya moto.

Msomaji wenu,
Logroño, Hispania