Tajiri, dereva mpya akigonga kidogo usimtishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na madereva wenzangu wapya wa malori, ila zaidi niongee na matajiri wanaotuajiri maana hili jambo linaniuma.

Mwezi wa pili tu tangu nianze kazi nilikwaruza gari dogo lililopaki karibu na geti la ghala. Kichwa kilishapita vizuri kabisa nikajua nimemaliza, kumbe trela bado. Ukikata kona matairi ya nyuma ya trela hayapiti palepale yalipopita ya mbele, yanavutwa kwa ndani, na trela likiwa refu ndo linazidi kukata. Nilifundishwa hilo na mtihani nilifaulu, lakini siku hiyo nyuma wananipigia honi nikaharakisha nikakunja mapema. Nikasikia mkwaruzo mdogo, usukani haukutikisika hata kidogo. Hapo ndo pa kuwa makini jamani, lori lenye mzigo linaweza kubonyeza mlango wa gari dogo na wewe huko juu usihisi kitu, kwahiyo ukipata shaka simama, usiseme ntaangalia huko mbele.

Nasema ukweli, wazo la kwanza lilikua kuondoka. Kwenye lile gari hakukua na mtu na nilichokua nawaza ni kazi tu, niliyoitafuta muda mrefu, inaisha leo kwa sababu ya bampa. Mikono ilikua inatetemeka. Nikavuta hendibreki, nikawasha hazadi, nikashuka nikaangalia kwanza kama kuna mtu ameumia, halafu picha kabla sijasogeza chochote, za mbali zinazoonyesha magari yote mawili na ile kona, kisha za karibu za mkwaruzo na namba za gari. Mwenye gari alikuja na hasira, nikamwacha aongee. Kumpa pole kwa usumbufu ni utu, ila mambo ya nani mwenye kosa na nani atalipa nani waachie watu wa bima, na msikubali kumalizana kwa hela ya mfukoni palepale maana kesho anaweza kurudi na dai lingine na wewe huna hata karatasi. Tukaandikiana majina, simu, bima na saa ya tukio basi.

Kisha nikampigia bosi. Swali lake la kwanza lilikua kuna mtu kaumia? La pili, wewe uko sawa? Ndo akaniambia zunguka trela lote, angalia taa za nyuma, mbavu za matairi, na hozi za upepo wa breki usikilize kama kuna panapovuja. Nisingekumbuka kabisa, akili yote ilikua kwenye gari la watu.

Sasa kuna mwenzangu, kampuni nyingine, kule kwao ukigusa kitu chochote unakatwa mshahara bila hata kuulizwa ilikuaje. Akiwa kwenye rivasi akagonga nguzo, akaona ni kubonyea kidogo tu akanyamaza. Kumbe hozi ya upepo ilibanwa ikapata ufa. Wanaojua breki za upepo wanajua kinachofuata, upepo ukishuka sana breki za springi zinajifunga zenyewe, na trela likamkamatia katikati ya barabara usiku, na taa moja ya nyuma ilikua imekufa kwenye ile ile ajali ya nguzo. Mungu alisaidia waliokua nyuma yake walimwona mapema. Yule sio mtu muongo, namjua, aliogopa tu kukatwa hela ya watoto.

Ndo maana nawaambia matajiri, mkimkata mtu mshahara kwa kila mkwaruzo hamfundishi uangalifu, mnamfundisha kuficha, na lori lenu linaingia barabarani na ubovu msioujua nyinyi wala fundi. Anayerudia rudia kwa uzembe huyo sawa mchukulieni hatua. Ila aliyesimama, akapiga picha, akapiga simu palepale, huyo msimuadhibu kwa kusema.

Mimi bado niko kazini. Kesho yake bosi alinipeleka uwanjani na trela tupu, akapanga mapipa kama ile kona ya geti akanikalisha narudia, natanua kwanza ndo nakunja huku macho yangu yakiwa kwenye kioo cha upande ninaokunja mpaka matairi ya mwisho yapite. Ilichukua asubuhi moja tu, na mapipa yale yale anayatumia sasa kwa kila dereva mpya kabla hajapewa mzigo.

Dereva mpya wa lori