Altimita ya glaida inakupa namba za ajabu? Angalia ulipoifunga kabla hujairudisha

Wadau wa glaida za rimoti, tunaletewa sana altimita (kile kipima urefu cha kufunga ndani ya glaida) hapa dukani mtu anasema mbovu anataka abadilishiwe, tukiipima iko fresh kabisa. Mara nyingi tatizo sio kifaa, ni pale kilipokaa.

Haka kadude hakafiki hata gramu 10 na mita hakazijui, kanachosoma ni presha ya hewa tu. Huku Dar usawa wa bahari ukipanda kama mita 8 na ushee presha inashuka hektopaskali 1, basi kanapiga hesabu kanakupa urefu. Kwa hiyo chochote kinachochezea presha ndani ya bodi ya glaida kinachezea na mita zako.

Mchawi namba moja ni tundu la kupoozea mota. Likiwa puani hewa inajazana ndani, na glaida ikikimbia mita 20 kwa sekunde unaweza ukapoteza mpaka mita 20 hivi kwenye namba, tundu likikaa sehemu inayonyonya hewa ndo kinyume chake, inakuonyesha uko juu kuliko ulipo. Kwa wanaocheza F5J, yale mashindano ya glaida za rimoti zenye mota ya umeme, hiyo inauma, maana wanahesabu urefu mkubwa kabisa tangu unarusha mpaka sekunde 10 baada ya kuzima mota, kila mita inakula nusu pointi na ukivuka 200 kila mita ya ziada inakula 3. Mita 20 za uongo chini ya 200, pointi 10 zimeondoka hivihivi.

Halafu jua. Iangalie sensa kwa karibu, ina kifuniko cha bati chenye kitundu kidogo sana, mwanga ukipenya pale namba zinarukaruka, na kanopi zenu (vile vifuniko vya juu ya bodi) za plastiki angavu ndo zinaongoza. Ifunike na sponji nyeusi inayopitisha hewa. Jamani sio solotepu, na gundi ya moto ndo kabisa, ukiziba kitundu hiyo altimita kwaheri.

Usishangae pia ikiwa mezani inapanda yenyewe. Huku karibu na ikweta presha inakuwa juu kama saa nne asubuhi, ikifika saa kumi jioni imeshuka kama hektopaskali 3, hizo ni mita 25 hivi bila kuruka popote, kwa hiyo rudisha sifuri kila unaporusha. Na kwenye joto la nyuzi 30 kifaa kinapunja kama asilimia 5, kikisema 190 ujue uko karibu na 200. Hapo hamna cha kutengeneza.

Kabla hujaja ipandishe ngazi za ghorofa yoyote, kila floo ni kama mita 3, ikihesabu vizuri basi sensa ni nzima. Bado ina shida? Njoo na glaida yenyewe sio altimita peke yake, tuone ilivyofungwa. Kupima ni bure, sensa ikiwa imekufa kweli ndo tunaongea bei.